Mtoto Akipungua Uzito, Muulizeni na Mama Hali Yake

Wadogo zangu, leo naomba tukae na jambo ambalo wengi wenu mmeniandikia kwa kulizungukazunguka. Mtoto haongezeki uzito, ziwa analikataa, mama mkwe amenuna, majirani wameanza maneno. Kisha chini kabisa, baada ya salamu za mwisho, unakuta mstari mmoja: "Na mimi mwenyewe dada sijielewi, natamani nilale nisiamke." Mimi nataka kuanza na mstari huo, kwa sababu mara nyingi ndio wenye habari yenyewe.

Foleni ya mizani mnaijua. Asubuhi mapema kadi zimeshapangwa kwenye meza ya nesi, mabenchi yamejaa, watoto wanavuliwa nguo na kuvishwa kile kikaptula cha kupimia. Mtoto ananing'inizwa, anarusha miguu, mshale unacheza. Nesi anausubiri utulie, anasoma kilo kwa sauti, anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikipanda, mama anapewa mwanawe na kusogea. Ikishuka, au ikibaki palepale ilipokuwa mwezi uliopita, swali linatoka mbele za watu: "Mama, huyu mtoto unamlisha nini?" Benchi zima linageuka kumtazama.

Swali hilo lina haki yake, maana nesi anamtetea mtoto. Ila ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hii: na wewe mama, unaendeleaje? Unalala? Unakula? Nani yuko nawe nyumbani? Ninyi mnaonisoma mlio manesi, najua foleni ni ndefu na mko wachache. Nawaomba hata hivyo, maana jibu la kwa nini mtoto hanenepi linaweza kuwa limesimama mbele yenu limejifunga kanga.

Nyumbani mambo huwa magumu zaidi. Mtoto akikonda, kabla hata hajapimwa malaria wala kuangaliwa kinywani, hakosekani wa kusema kwamba amebemendwa, yaani baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana mapema kabla mtoto hajakomaa. Hapo mama ambaye hata nguvu za kuchana nywele hana anaongezewa kesi ya uzinzi. Nitalisema bila kumumunya: mtoto hakondi kwa sababu wazazi wake wamekutana kimwili, na maziwa ya mama hayachafuki kwa tendo la ndoa. Mtoto hukonda kwa kukosa maziwa au chakula cha kutosha, kwa kuhara, kwa homa za mara kwa mara, kwa maradhi mazito kama kifua kikuu na VVU, au kwa sababu yule anayemlea ameishiwa nguvu na hakuna aliyegundua. Tuhuma ya kubemenda inamfanya mama amfunike mtoto asionekane, aruke kliniki, na azidi kujifungia. Nimesoma barua za wanawake waliokaa miezi bila kwenda kupima kwa kuogopa macho ya watu. Hicho ndicho kinachoumiza watoto.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaomlemea mama huyo, yaani sonona (depression). Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, na kubwa katika hayo ni sonona. Kwenye benchi la akina mama ishirini, hao ni wanne. Wanne hao si wavivu, si wadekaji, wala hawajapungukiwa imani. Ni wagonjwa, na ugonjwa wao una matibabu.

Msichanganye sonona na machozi ya siku za mwanzo. Siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua wanawake wengi hulia bila sababu: mtoto akipiga chafya unalia, mume akichelewa na mkate unalia. Homoni zimeshuka ghafla, usingizi hakuna, maziwa ndiyo yanaingia. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki mbili, na inachohitaji ni supu, usingizi na mtu mpole karibu. Ikivuka wiki mbili, au ikianza baadaye, hata mtoto akiwa na miezi kadhaa, hapo tunazungumza habari nyingine.

Sonona si lazima ije na machozi. Wapo wasiolia kabisa. Mama anamsikia mtoto analia, anajua ni njaa, na mwili hauinuki. Mtoto amelala, nyumba imetulia, na yeye macho makavu mpaka alfajiri. Chakula hakina ladha. Anaogopa mambo yasiyo na jina. Anamtazama mwanawe na hahisi chochote, kisha anajichukia kwa kutohisi. Wageni wakija anatabasamu, anaandaa chai, anasema "tunamshukuru Mungu", na wakishaondoka anakaa sakafuni. Mwingine hana huzuni bali hasira: anafoka kwa kila kitu, na nyumba nzima inamwona amebadilika tabia.

Hali hiyo inamfikiaje mtoto anayenyonya? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo uongo mwingi ulipo. Watu husema huzuni hukausha maziwa. Haikaushi. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini hutengeneza maziwa, na oksitosini huyasukuma yashuke mpaka kwenye chuchu. Hofu, maumivu na msongo mkali huzuia hii ya pili kwa muda. Kwa hiyo maziwa yapo, ila yanachelewa kushuka. Mtoto anavuta, hayaji, anakasirika, anaachia, analia. Mama mzima angembadilisha ziwa, angempakata vizuri, angesubiri kidogo na kujaribu tena. Mama mwenye sonona anakichukulia kilio kile kuwa hukumu: hata mwanangu amenikataa.

Kutoka hapo mambo huenda haraka. Bibi anakoroga uji mwepesi mtoto akiwa na miezi miwili, kwa mapenzi kabisa, maana "maziwa ya mama yake hayamtoshi". Tumbo linajaa maji ya uji, mtoto analala, watu wanapumua. Ziwa nalo hutengeneza kulingana na linavyonyonywa, kwa hiyo mtoto anavyonyonya kidogo ndivyo nalo linavyotoa kidogo, na wiki mbili zikipita maziwa yamepungua kweli. Bibi anaonekana alikuwa sahihi. Uji ule hauna nguvu wala kinga iliyomo katika maziwa ya mama, na kikombe na maji yake huja na vijidudu. Mtoto anaanza kuhara, nukta kwenye kadi inashuka, na mama anapata ushahidi kwamba hafai kuwa mama.

Na mlango huu unafunguka pande zote mbili. Wako waliokuwa wazima kabisa mpaka chuchu zilipopasuka, ziwa likavimba likawa jiwe, kila kunyonyesha kukawa kung'ata meno, usiku tano mfululizo bila usingizi. Maumivu yakazaa huzuni. Ndiyo maana nasema mama anayelalamika kuwa ananyonyesha kwa maumivu asiambiwe avumilie tu kwa kuwa ndiyo uzazi. Kunyonyesha hakutakiwi kuumiza hivyo. Mara nyingi kasoro iko kwenye namna mtoto anavyoshika: ameshika chuchu peke yake badala ya kufungua kinywa wazi na kuchukua sehemu kubwa ya duara jeusi, kidevu kikigusa ziwa. Nesi mzoefu anaweza kuirekebisha siku hiyohiyo.

Uhusiano huu kati ya afya ya akili ya mama na uzito wa mtoto umechunguzwa. Mwaka 2011 uchambuzi wa tafiti 17 kutoka nchi 11 zinazoendelea ulionyesha kwamba watoto wa mama wenye dalili za sonona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa karibu nusu, wa kuwa na uzito mdogo kuliko wenzao, na vilevile uwezekano mkubwa zaidi wa kudumaa. Kwetu Tanzania, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumezungumza sana juu ya lishe, na ni haki. Juu ya akili ya mama anayekishika kijiko tumezungumza kidogo mno.

Matibabu nayo yamejaribiwa mahali pasipo na madaktari wengi. Vijijini huko Rawalpindi, Pakistani, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, waliwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona na kuendelea nao baada ya kujifungua. Hawakubeba dawa. Walikaa nao, wakawasikiliza, wakawasaidia kuyapinga yale mawazo ya "mimi sifai" na kupanga hatua ndogondogo za kila siku, na familia ikahusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, waliobaki na sonona ni 23 katika kila 100, wakati kwa wale waliotembelewa na wahudumu wasiopewa mafunzo hayo walikuwa 53. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi na walikamilisha chanjo zaidi.

Ila lazima niwaambie na upande wa pili. Katika utafiti huohuo, uzito na urefu wa watoto walipofikisha mwaka mmoja haukutofautiana kwa kiasi cha kueleweka. Mama walipona, lakini mizani haikupanda kama ilivyotarajiwa. Mimi sioni kwamba habari hii inavunja moyo. Uzito wa mtoto unashikwa na mengi: maji ya kunywa, choo, bei ya mayai, malaria, mimba inayofuata haraka. Na inatufundisha jambo moja ambalo nalishikilia kwa nguvu: mama atibiwe kwa sababu yeye ni mtu anayeteseka. Hata kama mwanawe angekuwa na mashavu yaliyojaa na nukta iko juu, bado anastahili matibabu. Wako kati yenu ambao mtoto ananenepa vizuri, ananyonya vizuri, na kila anayemwona anasifu, wakati mama anaoza ndani kimyakimya. Huyo ndiye asiyeulizwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama umejiona katika haya, tuanze na wewe. Yapo maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, yanatumika duniani kote, na watafiti wameyatumia hapa kwetu pia. Yanakuuliza kuhusu siku saba zilizopita: kama bado unaweza kucheka, kama kuna jambo unalitazamia kwa furaha, kama unajilaumu bila sababu, kama una wasiwasi, kama unakosa usingizi kwa huzuni, na kama umepata wazo la kujidhuru. Hayatoi jibu la mwisho, yanamwonyesha mhudumu pa kuanzia. Ukienda kliniki si lazima uyajue. Sema tu hivi: "Nesi, nimemleta mtoto, lakini na mimi siko sawa. Hii wiki ya tatu silali hata mtoto akilala." Ukiona aibu mbele ya foleni, subiri upate nafasi au omba faragha. Asipokuelewa huyo, mwambie mwingine. Sonona si ya hospitali kubwa za akili peke yake. Vituo vya afya na hospitali za wilaya vinaweza kukuanzishia matibabu au kukuandikia rufaa.

Ukiandikiwa dawa, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba unanyonyesha. Ziko dawa za sonona, sertralini ni mojawapo, ambazo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na wanawake wengi huzitumia huku wakinyonyesha. Usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu, na usiache dawa kwa kuambiwa na jirani. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano, na usizikatishe ghafla siku utakayojisikia vizuri.

Kuhusu mizani, punguza kuitazama kwa hofu. Mtoto mchanga hupoteza uzito kidogo siku za kwanza na kwa kawaida huurudisha ndani ya wiki mbili. Wengi hufikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano. Kinachoangaliwa kwenye kadi ni mwelekeo wa mstari, si nukta moja, wala si mtoto wa jirani aliyezaliwa na kilo nne. Mtoto mchanga ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Akishafikisha wiki, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na mkojo ukawa mweupe, maziwa anapata. Mpaka miezi sita hahitaji maji, hahitaji uji, hahitaji maji ya sukari. Akilegea, akikataa kabisa kunyonya, macho yakaingia ndani au mkojo ukakauka, hapo hakuna kusubiri tarehe ya kliniki.

Na kama kunyonyesha kumeshindikana, baada ya kusaidiwa kweli na siyo kukemewa tu, hujamkosea Mungu wala mtoto. Mtoto anaweza kulelewa kwa maziwa ya kopo yaliyopimwa sawasawa, kwa maji yaliyochemka, kwa kikombe safi badala ya chupa. Yasizimuliwe ili yafike mwisho wa mwezi. Hilo ndilo linalokondesha. Maziwa ya mama ni bora na nitaendelea kulisema hilo maisha yangu yote, lakini sitamwambia mwanamke anayezama kwamba thamani yake iko kwenye ziwa lake.

Sasa ninyi mlio naye nyumbani. Kwetu mzazi huenziwa: kuna mtori, kuna uji wa pilipili manga, kuna maji ya moto, kuna arobaini. Ni hazina kubwa, lakini mara nyingi siku ya arobaini ikifika wageni wanakatika, bibi anarudi kijijini, na mama anabaki peke yake na ndoo za nguo. Na hata ndani ya hizo arobaini, msaada hugeuka zamu ya kumbeba mtoto huku mama akiwapikia waliokuja kumsaidia. Geuzeni. Mama amshike mtoto, ninyi shikeni sufuria. Usiku baba amwamshe mama kwa kunyonyesha tu, kisha amchukue mtoto, amcheulishe, ambadilishe nepi, amlaze. Saa nne za usingizi usiokatwa hufanya kazi ambayo mawaidha hayafanyi. Mwiteni kwa jina lake pia, asiwe Mama Fulani tu.

Mama mkwe, wifi, shangazi, nawaombeni kwa heshima: "sisi tulizaa saba na hatukulia" msiseme tena. Mlilia. Hamkuwa na wa kumwambia.

Na baba, nakusemesha peke yako. Watafiti waliowafuatilia wajawazito mjini Moshi waliona kwamba waliofanyiwa ukatili na wenza wao walipatwa na dalili za sonona baada ya kujifungua zaidi kuliko wasiofanyiwa. Kipigo na matusi wakati wa ujauzito havimalizikii siku ile. Kama mkono wako ni sehemu ya ugonjwa, matibabu yanaanzia kwenye mkono wako. Na wewe mdogo wangu unayepigwa, hilo mwambie nesi pamoja na mengine yote.

Kwa mnaoajiriwa: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini mwajiri anapaswa kukuruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Wengi hamzidai kwa kutozijua. Zidaini. Mama ntilie na muuza mboga hawana barua ya kudai chochote, na sina jibu zuri la kuwapa zaidi ya kuwaomba ndugu na majirani wa sokoni wampe muda, wamshikie meza, wasimwache mtoto anyweshwe uji kwa sababu mama yake anatafuta hela ya uji huohuo.

Nimalizie na lile lisilosubiri. Mzazi akianza kusikia sauti wasizosikia wengine, akaamini mtoto si wake au ametumwa kumdhuru, akakaa siku kadhaa bila kulala huku akiongea asivyoeleweka, hasa katika wiki za kwanza, hiyo ni dharura kama kutokwa damu nyingi. Asiachwe peke yake na mtoto, asipelekwe kuombewa kwanza, apelekwe hospitali. Na wewe uliyeandika kwamba unatamani ulale usiamke: mpe mtu mtoto akushikie, mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, na mwende hospitali pamoja leo. Usingoje siku ya kupima mtoto.